Mkono Uliojua Uzito wa Kanga

"Hivi Mama Burito, hao vijana wanaokujaga kukuangalia ukifua, wanatafutaga nini?"

Aliyeuliza hivyo ni Benedikta, jirani yake Matrida Wegesa; nyumba zao zinatazamana pale Butiama. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kabla ya sala za jumuiya, wamekaa barazani wanapepeta ulezi. Matrida, ambaye mtaa mzima humwita Mama Burito kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliutikisa ungo. Swali hilo hilo alikuwa analo yeye tangu Jumatatu.

"Wanasema wanajifunza kubuni vifaa vya hospitali," alisema mwishowe.

"Kwenye beseni lako la kufulia?"

"Ndiyo hapo na mimi sijaelewa."

"Na huko kituoni mnawaitaga nani?"

"Mafelo."

Benedikta akaacha kupepeta. "Waliofeli?"

"Siyo kufeli, dada. Felo. Ni jina la masomo yao. Ukishamaliza chuo unachaguliwa tena, unakaa mwaka mzima kujifunza kubuni. Mmoja wao ni daktari kabisa."

"Kwa hiyo daktari amefeli, kaletwa kwako afundishwe kufua." Benedikta akatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo. "Basi mfundishe vizuri, asirudie darasa."

Wakacheka mpaka ulezi ukamwagika.

Matrida ana miaka hamsini na saba na elimu yake ni darasa la saba. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya. Anapiga deki, anachota maji, anabadilisha mashuka, na kila nguo yenye damu ya uzazi lazima ipite kwanza mikononi mwake. Akina mama huja na kanga zao kutoka nyumbani. Wakishajifungua, zile zilizolowa hupelekwa nyuma, kwenye banda la kufulia, Matrida anaziloweka kwenye jik, dawa ya kuua vijidudu, ndipo ndugu wanakabidhiwa wakafue. Ni kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuja kuitazama. Kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu alipokuta vijana wawili wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja na daftari, alidhani amekosea jambo, wametumwa kumchunguza.

Wa kwanza alikuwa binti mpole wa sauti ya chini, Daktari Jenipher. Wa pili ni Prosper, mhandisi, mtoto wa Buhemba, baba yake alikuwa fundi wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Huyo hakuweza kuona kitu kinazunguka asikiinamie. Wenzao wengine walikuwa wamepelekwa Bunda, na wote hukutana Musoma kila Ijumaa, kwenye karakana yao ya Nyakato.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Mmekuja kubuni nini?"

"Hatubuni kitu, mama," alisema Prosper. "Mwezi wa kwanza ni marufuku. Mwalimu wetu akikukuta umechora hata mchoro mmoja, anauchana."

Jambo hilo lilimshangaza Matrida kuliko yote. Mtu anachaguliwa kubuni halafu anakatazwa kubuni. Daktari Jenipher akamweleza taratibu. Alisema watu wengi hutengeneza mashine nzuri sana isiyohitajika na mtu, ikaishia stoo imefunikwa shuka. Ndiyo maana wao wanatakiwa kwanza wakae, waangalie, waandike mahitaji. Wakishaandika mengi wanayapunguza mpaka libaki moja, na hilo moja ndilo watakalolitafutia kifaa.

"Kwa hiyo mama, hapa kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo," alijibu Matrida.

Angejibu nini? Mtu mwenye kazi yake anayeulizwa na mgeni mwenye daftari husema hakuna tatizo. Jumanne wakamuuliza, akasema hakuna tatizo. Jumatano Prosper akauliza kwa njia ya kuzunguka, kama kuna kitu kinachomchosha, akaambiwa tunamshukuru Mungu. Manesi nao wakajibu hivyo hivyo. Daftari la Prosper likajaa hakuna tatizo kurasa mbili, mpaka akaanza kukata tamaa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Daktari Jenipher aliona kitu. Mama mmoja alikuwa amejifungua, na kanga yake ikaletwa bandani. Matrida, akiwa na glovu zake nzito, aliinyanyua kwa mkono wa kushoto. Kisha kwa mkono wa kulia akanyanyua kanga nyingine, kavu, ya rangi ile ile na maandishi yale yale. Akasimama hivyo kama mtu aliyebeba ndoo mbili, akafumba macho, midomo ikicheza kidogo. Baada ya hapo akaiweka ile ya damu kwenye dawa, akaendelea na kazi.

"Mama," Jenipher aliuliza, "hapo ulikuwa unasali?"

"Hapana mwanangu. Kusali nilishasali asubuhi. Nilikuwa napima."

"Unapima nini?"

"Damu."

Vijana wakatazamana. Prosper akainuka kwenye ndoo yake.

Ikabidi Matrida aeleze, naye alieleza kwa aibu kidogo, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Alipoolewa alikaa Kisorya kule ziwani, mahali panapovukia kivuko cha kwenda Ukerewe, na kwa miaka kumi kazi yake ilikuwa kupima samaki wa wanunuzi. Mizani ya kuning'iniza ilikuwa moja, na siku ikiharibika watu hawakuacha kuuza. Walimpa Matrida sangara mkononi, akasema kilo mbili na robo, na wote wakakubali, mvuvi na mnunuzi. Baadaye mumewe akarudi Butiama kwenye shamba la baba yake, naye Matrida akapata kazi kituoni, mkono ukaja na ujuzi wake. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vya kitambaa kimoja. Mama akija kujifungua huleta vyote viwili. Kimoja kikilowa, mwenzake mkavu yupo kwenye kikapu. Matrida akivishika vyote, tofauti ya mikono miwili ndiyo damu iliyotoka.

"Na ikizidi?"

"Ikifika nusu kilo namfuata Sista."

Sista Dafroza, mkunga mkuu wa wodi, alipoulizwa hakubisha. "Sisi tunakadiria kwa macho," alisema. "Macho yanadanganyaga. Damu ikinywewa na kitambaa unaona kidogo. Kiangazi kilichopita mama mmoja nilishamwandika yuko salama, Matrida akaja na kanga mkononi, akaniambia Sista, hii imezidi. Nikarudi kitandani, nikakuta kweli. Yule mama juzi nimemwona gulioni anauza viazi. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika nauliza Matrida anasemaje."

Prosper hakuridhika na hadithi. Alasiri aliomba mizani ya kliniki ya watoto, akalowesha nguo sita kwa maji bila Matrida kuona kiasi, akamletea moja moja. Matrida alitaja, Prosper akapima. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa gramu thelathini. Prosper akarudi kukaa juu ya ndoo, akaanza kuzinakili zile namba sita kwenye daftari.

Wiki tatu zilizofuata waliandika mahitaji mia moja na kumi na mawili, wakayapunguza, na lililobaki lilikuwa hilo: kujua damu iliyopotea kabla mama hajalegea, katika wodi ambayo mkunga ni mmoja. Wangetengeneza mizani yenye taa. Chini ya nusu kilo taa ya kijani, ikifika nusu kilo taa nyekundu. Mwalimu wao, Mhandisi Nathanieli, angekuja kuiona. Ikimridhisha wangeendelea, asiporidhika wangeacha na kuchukua hitaji jingine, labda la hospitali nyingine kabisa.

Wao walidhani ndio wenye hamu kuliko wote na mizani hiyo. Hawakujua.

Tangu mvua za masika mkono wa kulia wa Matrida ulikuwa unakufa ganzi. Ilianza vidole viwili, asubuhi tu. Kisha ikawa kiganja kizima, na siku nyingine mpaka adhuhuri ndipo unaamka. Hakumwambia Sista Dafroza. Hakumwambia hata Benedikta. Alimwambia Mungu peke yake, kigangoni, baada ya wengine kutoka, na hata hapo alisema kwa kifupi. Alikuwa amehamishia nguo iliyolowa mkono wa kushoto, lakini wa kushoto haukukulia Kisorya, haukuwa mwepesi kama mwenzake. Usiku hakuwa na shida, alilala. Shida ilikuwa asubuhi, Sista anapouliza Matrida anasemaje, naye anasema, na moyoni hana hakika. Akisema imezidi kumbe haijazidi, ni usumbufu tu. Akisema iko sawa kumbe haiko sawa, ni uhai wa mama wa watu.

Kwa hiyo Prosper alipokuwa anaondoka kwenda Nyakato kutengeneza, Matrida aliacha kufua akamfuata mpaka kwenye geti.

"Baba, usisahau kutoa maji. Usipotoa maji, mizani itakudanganya."

"Nitatoa, mama," alisema Prosper, akaandika kwenye daftari, akapiga mistari miwili chini yake.

Siku ya mwalimu kuja kuiona ilipofika, waliweka meza kwenye chumba cha mikutano cha kituo. Mizani ilikuwa nzuri kweli. Beseni la plastiki jeupe juu ya boksi lililopigwa rangi ya bluu, kioo kidogo cha namba, taa mbili. Mhandisi Nathanieli, mzee mwembamba mwenye miwani, aliizunguka mara mbili. Sista Dafroza alikaa mbele. Matrida alisimama karibu na mlango na ndoo yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeombwa kuleta nguo.

Prosper alikuwa amelowesha kanga kwa maji ya rozela yaliyokolezwa, yakawa mekundu ya kutisha. Hakupima kiasi. Alitaka tu taa ionekane inafanya kazi. "Mama, tuwekee," alisema.

Matrida akainyanyua kanga kutoka kwenye ndoo. Ilikuwa asubuhi, na mkono wa kulia ulikuwa umelala. Akaishika kwa wa kushoto. Mkono ukamwambia: hii, ukiondoa kitambaa, inapata gramu mia saba. Akaihamishia kulia, hakusikia kitu, akairudisha kushoto. Mia saba. Akaiweka kwenye beseni.

Namba zikapanda, zikasita, zikaanza kushuka polepole. Zikatulia. Gramu mia tatu na kumi. Taa ya kijani.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaandika kitu.

Matrida alirudi mlangoni. Kama mizani inasema kweli, basi na mkono wa kushoto nao umekufa, na wiki zote hizi amekuwa akimdanganya Sista. Kama mkono unasema kweli, basi mizani hii nzuri itakaa wodini, itawasha kijani, na mkunga aliyechoka ataamini kijani. Na akisema leo mbele ya mwalimu, vijana wataambiwa wakatafute hitaji jingine, waondoke na mizani yao, abaki na mkono wake. Alitamani wapite. Aliwapenda hawa watoto.

Akasikia kitu kinadondoka. Tap. Tap. Masikio yake hayakuwa na ganzi.

"Samahani mwalimu," alisema. "Mimi siyo msomi. Naomba kuuliza tu. Ndani ya hilo boksi kinadondoka nini?"

Wote wakamgeukia. Prosper akatabasamu. "Ni maji, mama. Beseni nimelitoboa chini, matundu madogo madogo, kuna sinia ndani ya boksi. Wewe mwenyewe si uliniambia nitoe maji? Mama akifutwa kwa maji, nguo inakuwa na maji na damu. Kwa hiyo maji yanatoka, damu inabaki."

Daktari Jenipher, ambaye wiki nzima alikuwa Bunda na aliiona mizani kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akafunika mdomo kwa mkono.

"Prosper," alisema, "damu itabakije? Si vinatoka pamoja?"

"Ile nzito..." Prosper alianza, akaishia hapo.

Matrida akaweka ndoo chini. Aliona aibu kwa niaba yake, na hapo hapo kicheko kikamjia, akajitahidi kukizuia kikamshinda. "Jamani, baba yangu. Nisamehe. Hilo ni neno la Kisorya. Kutoa maji siyo kukamua."

"Ni nini?"

"Ni hesabu. Samaki wanapimwa ndani ya tenga, na tenga limelowa maji ya ziwa. Mnunuzi anapiga kelele, toa maji. Basi unachukua tenga tupu, lililolowa hivyo hivyo, unalipima, unaliondoa kwenye hesabu. Hakuna anayemkamua samaki."

Sista Dafroza alicheka mpaka akavua miwani. Mhandisi Nathanieli hakucheka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. "Kijana," alisema akichungulia daftari la Prosper, "umepiga mstari chini ya neno ambalo hukuuliza maana yake."

"Nilipiga miwili," alisema Prosper kwa unyonge.

Wakafungua boksi, wakatoa sinia lililojaa wekundu, wakalipima kwenye mizani ya watoto na kuondoa uzito wa sinia. Mia tatu na tisini. Jenipher akajumlisha na zile mia tatu na kumi, akamtazama Matrida.

"Mama, wewe ulisema ngapi?"

"Sikusema."

"Moyoni."

"Mia saba."

Jenipher akaandika ubaoni: mia saba. Taa ingepaswa kuwa nyekundu.

"Na kitambaa ulikitoaje kwenye hesabu?" mwalimu alimuuliza Prosper.

"Nimeiambia mizani kila kanga ni gramu mia mbili."

"Na akija na kitenge?" aliuliza Sista. "Na yule anayekuja na shuka kuukuu la bwana wake?"

Matrida akatoka, akaenda bandani, akarudi na kanga kavu, pacha wa iliyolowa, akaiweka kwenye beseni. "Anza na huyu," alisema. "Mwambie mizani, huyu ndiye tenga. Halafu muweke ndugu yake. Hata kama ni kitenge, au shuka, mwambie mama aje na vipande viwili vya kitambaa kimoja. Kanga zenyewe huja mbili, hatumsumbui mtu."

Prosper akaweka kidole kwenye kitufe, mizani ikarudi sifuri juu ya kanga kavu. Akaitazama sifuri ile kama mtu aliyepewa kitu kilichokuwa mfukoni mwake siku zote.

Mhandisi Nathanieli akafunga daftari lake. "Beseni lizibwe matundu. Mnarudi mbele yangu baada ya mwezi mmoja. Hitaji mnaendelea nalo." Kisha akamgeukia Matrida. "Ila mama, nina swali. Nilikuwa nakuangalia. Ile nguo uliihamisha mikono mara mbili kabla ya kuiweka. Kwa nini?"

Hapo ndipo ilipomlazimu. Matrida alitazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi ile. Angeweza kusema ilikuwa inateleza. Badala yake alinyoosha mkono wa kulia mbele yao, kiganja juu.

"Huu umeanza kufa," alisema. "Tangu masika. Asubuhi haunisikii kabisa. Sista, nisamehe, nilikuficha. Niliogopa ukijua hutaniuliza tena, na nilijua usiponiuliza hakuna mwingine wa kuuliza."

Sista Dafroza alisimama, akaja akaushika ule mkono, akaubonyeza kidole kimoja kimoja kama anavyofanya kwa wagonjwa. "Jumatatu nakupeleka Musoma kwa daktari wa mishipa," alisema. "Mimi mwenyewe. Na leo jik huigusi." Sauti yake ilikuwa kali, na macho yalikuwa yamelowa.

Daktari Jenipher alifungua ukurasa mpya. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alisema taratibu kwamba hitaji waliloliandika halikuwa kamili, kwa maana waliandika mkunga mmoja na mama mmoja, wakamsahau mtu wa tatu ambaye wodi nzima ilikuwa inamtegemea bila kumwandika popote.

"Mama Matrida," alisema mwalimu, na sasa alikuwa amevua miwani, "hawa wanafunzi umewafundisha leo kuliko mimi mwezi mzima. Jina lako litaandikwa kwenye kazi yao, hilo siyo la kuomba. Lakini wewe mwenyewe unaomba nini kwetu?"

Matrida alifikiri. Hakuwa na haraka. Nje mama mmoja mjamzito alikuwa anaingia getini na kikapu chake, ndugu yake anamshika mkono.

"Naomba mizani ikiletwa wodini, miezi mitatu ya kwanza isiachwe peke yake," alisema. "Nguo iwekwe kwanza mkononi kwangu, huu wa kushoto, niseme, ndipo iwekwe kwenye mizani. Na siku tukitofautiana, msianze kubishana kama mimi nimezeeka au mashine ni mbovu. Naomba kwanza mtu aende kitandani akamwangalie mama."